Kisu Kilichogeuzwa Kichwa Chini

Siku Lavonne Brekke alipopata kibali cha kuwinda musi, mumewe Orville alimpongeza, akaenda kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, akafunga mlango, akagombana na ukuta kwa muda. Tusimlaumu. Wote wawili walikuwa wakiomba kibali hicho kila mwaka tangu watoto wao wakiwa wanatambaa, na watoto hao sasa wana vipara. Musi ni mnyama mwenye mwili wa ng'ombe, miguu ya ngazi na uso wa mtu aliyeamshwa vibaya. Vibali vyake ni vichache, hutolewa kwa bahati nasibu, na hapa mjini kwetu Choteau mtu anaweza kuzikwa bado anaomba. Kanisani wapo walioacha kuomba uzima wa milele, wasije wakamchosha Mungu kabla ya droo.

Sasa Lavonne amepata, Orville amekosa. Na Lavonne akasema atawinda kwa bunduki ya marehemu baba yake au hawindi kabisa. Ilikuwa bunduki nzuri, ila mtutu wake ulishaliwa na kutu, ndani ukawa kama koo la mvuta kiko. Risasi ikitoka humo ilikwenda ilikojisikia.

"Utaniwekea mtutu mpya," alimwambia mumewe mezani.

"Nitakuwekea."

"Kabla ya msimu."

"Mwanamke, mimi nimekereza ekseli za treni."

"Treni haikimbii ikisikia umekosa."

Mtutu wenyewe hakuununua Orville. Waliununua akina mama wa kanisa, wale wanaokutana kwenye chumba cha chini ya ukumbi kushona mablanketi na kuwasengenya waliochelewa kufika. Hakuna Mlutheri aliyezikwa mji huu bila watu kula viazi vya Lavonne baada ya mazishi. Amewapikia wajane, amewapikia waliotaka kuwa wajane, amempikia hata mchungaji, ambaye hana shukrani kwa sababu ana kidonda cha tumbo. Basi akina mama wakauza keki kiangazi kizima, wakaagiza mtutu mpya kwa mtengenezaji, chuma kitupu, kinene, kilichotobolewa tundu na kuchorwa mifuo ya ndani inayozungusha risasi lakini hakijakatwa kitu kingine. Wakauviringisha ndani ya blanketi waliloshona wenyewe. Mwenyekiti wao akatoa hotuba.

"Kilikuwa kimekaa tu," alisema, "tukaona labda kitakufaa."

Hiyo ndiyo hotuba nzima. Watu wote wakatazama viatu vyao, na wawili wakapenga kamasi. Mababu wa watu hawa walitoka Norwei na mizigo michache, na neno asante naona lilibaki bandarini. Huku shukrani haisemwi, hupikwa. Ukitendewa jema unatafuta bakuli, unajaza kitu, unalipeleka. Bakuli likirudi, haliji tupu. Kuna mabakuli mjini hapa yamekuwa yakizunguka tangu vita, na hakuna anayekumbuka nani alianza kumtendea nani wema.

Orville basi alikabidhiwa chuma hicho, na pamoja nacho heshima ya mke wake, ya akina mama wote wa blanketi, na ya marehemu baba mkwe ambaye hata alipokuwa hai hakumpenda.

Tumpe haki yake: fundi alikuwa. Alifanya kazi karakana ya reli hadi akastaafu, na mashine yake ya kukereza ni ya hukohuko, zee, nzito kama dhambi, inazunguka polepole kwa mkanda wa ngozi. Ila ana ugonjwa mmoja, anapenda visu vipya. Kisu cha mashine ni kile kipande cha chuma kinachokula chuma kingine kikizungushwa mbele yake. Orville alianza na visu vya zamani vya kunolewa kwa mkono, halafu wauza vifaa wakamgundua. Sasa ana droo baada ya droo za visu vyenye ncha za kubandika, ncha ndogo za rangi ya dhahabu, ngumu kupita kiasi, kila moja ndani ya kisanduku chake kama pete ya uchumba. Lavonne hajawahi kupewa pete ndani ya kisanduku kizuri hivyo.

Kazi ilianza vizuri. Alipitisha mtutu katikati ya mashine, akaukamata kwa taya nne upande huu na kwa skrubu nne upande wa nyuma. Kati ya taya na mtutu alizungusha waya wa shaba, pete moja tu, ili taya zibane mahali pamoja na zisiupinde mtutu. Kisha akachomeka kipimo cha mshale ndani kabisa ya tundu, maana tundu halikai katikati ya chuma kama watu wanavyodhani, na risasi haijali nje kumenyooka vipi. Aligusa skrubu hii, akalegeza ile, akatukana kidogo, mpaka mshale ukatulia. Hapo hata adui yake angevua kofia.

Halafu akachagua kisu. Sehemu ya mwisho ya mtutu hukatwa meno ya nati ili uingie kwenye mwili wa bunduki. Meno hayo huishia kwenye bega, ukuta mdogo wa chuma, na kisu kinaelekea bega hilo kama gari linaloelekea mlango wa gereji. Lazima ukitoe kabla hakijagonga. Orville akafunga ncha ya dhahabu. Ncha hizo hutaka mwendo wa kasi, ukienda polepole zinasugua na kuparura badala ya kukata. Bega nalo linataka mwendo wa polepole, ukienda kasi hupati muda wa kukitoa kisu. Fundi akaamua kuiridhisha ncha. Kwa vidole vya kijana ingewezekana.

Jikoni Lavonne alikuwa anakanda lefse, ile chapati yao ya viazi. Alisikia mashine ikiimba vibaya, *ziii*, kama mbwa aliyekanyagwa mkia, halafu *kruk*, halafu kimya. Akazima jiko.

"Kimevunjika nini?" aliuliza mlangoni.

"Hakuna kitu."

"Hiyo siyo sauti ya kazi yako. Nimelala nyuma ya huo ukuta maisha yangu yote, najua sauti yako."

Ncha ilikuwa imevunjika na kuchimba shimo kwenye meno, na bega limeng'oka kipande. Orville alikata sehemu yote iliyoharibika, ikaanguka kwenye maranda ya chuma kama mkia wa mjusi. Mtutu ulikuwa na urefu wa ziada, lakini si mwingi.

"Bado naweza kujaribu mara moja," alisema bila kumtazama.

"Na ukikosea tena?"

"Utampiga musi kwa rungu."

Lavonne hakucheka. Alilitazama blanketi lililokunjwa kwenye kiti, akarudi jikoni. Msimu ulikuwa mlangoni, na kibali hakirudi mwakani.

Mtu aliyejua kukata meno bila kugonga bega alikuwepo, na Orville alimjua vizuri mno. Ni Wendell Tveit, mkulima wa ngano mstaafu, ng'ambo ya mfereji. Wendell hununua chuma cha kawaida cha visu, anakinoa mwenyewe kwenye jiwe hadi kinanyoa nywele za mkono, kisha anakifunga kichwa chini na kuendesha mashine kinyumenyume. Kisu kinaanzia pale begani na kusafiri kwenda nje, kwenye hewa tupu, hakina cha kugonga. Na Orville ndiye aliyekuwa akisema kila asubuhi mgahawani kwa Dot, mbele ya meza nzima ya wazee: "Wendell anakereza kama mtu anayevaa suruali kuanzia kichwani." Wazee walicheka miaka na miaka. Wendell alikunywa kahawa yake.

Orville alivuka mfereji.

"Umekuja," alisema Wendell.

"Napita tu."

Nyumba ya Wendell iko mwisho wa barabara. Hakuna anayepita hapo ila kwenda kuzimu. Akakaribishwa kahawa. Mara ya kwanza unakataa, mara ya pili unakataa kwa huzuni, mara ya tatu unasema basi nusu kikombe, kisha unamaliza birika.

"Upepo," alisema Orville.

"Upepo kweli."

"Wa jana ulikuwa na nguvu."

"Wa leo una meno."

Orville akashtuka kidogo kusikia meno. Akajikaza. "Vitu vingine hugoma ghafla, Wendell. Vinakwenda vizuri, halafu kruk."

"Kwenye baridi hii?"

"Hata bila baridi."

Wendell akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda gerejini, akarudi na chaja ya betri ya gari.

Mtu wa kwingine angesema, siyo hiyo, mzee. Orville alisema, "Hii itasaidia sana," akaibeba mpaka nyumbani.

Akarudi tena, mara hii na biskuti za Lavonne. Akazungumzia upepo, bei ya ngano, goti lake. Mwishowe akasema, "Kuna kitu kimenikwama pale nyumbani. Hakitoki vizuri mwishoni." Wendell akaelewa kabisa. Alimpa ule waya mrefu wa kuzibulia choo.

"Umeenda kuomba kisu," Lavonne alimwambia, "umerudi na waya wa choo?"

"Sikutaka kumsumbua."

"Chaja hii, waya huu. Ukienda tena utarudi na mtumbwi!"

Alivaa koti. Akajaza bakuli mikate ya mdalasini, akavuka mfereji mwenyewe, na alichofanya huko kilisimuliwa mjini kwa sauti ya chini, kama habari za mimba. Aliomba kitu kwa kukitaja.

"Wendell, Orville ameharibu mtutu wangu. Anataka kisu chako na anaona aibu kukuomba. Mimi sina aibu, nina kibali."

Wendell akachukua mkate mmoja, akautafuna hadi ukaisha.

"Kwa hiyo choo ni kizima?" aliuliza.

Mchana uleule akatokea karakanani kwa Orville, mikono mfukoni. "Nimekuja kuangalia kama chaja inafanya kazi."

"Inafanya," alisema Orville.

Wendell akaitazama mashine. Akautazama waya wa shaba, akaguna, na kwa mtu wa Choteau huko ni kupigiwa makofi. Halafu akatoa mfukoni kisu kilichofungwa ndani ya soksi ya sufi, akakiweka kwenye benchi.

"Mimi ningekigeuza," alisema. "Lakini mimi sijui kitu."

"Mdomo wa mashine, huu wenye taya, utafunguka nikiendesha kinyume."

"Wangu ungefunguka, ni wa kuzungusha kama kifuniko cha chupa. Niliubana kwa skrubu. Wako umefungwa kwa pini." Akakuna kidevu. "Umebakiwa na kisingizio kingine?"

"Sijatafuta."

"Tafuta tu, sina haraka. Nimevaa suruali kuanzia kichwani, nimechoka."

Orville alikuwa mwekundu kama nyanya. Akakifunga kisu kichwa chini. Akakipaka chuma mafuta, akakisogeza kisu begani, akaendesha mashine kinyume, polepole kama ilivyozoea. Maranda ya chuma yakatoka marefu, laini, yanajikunja kama nywele za mtoto. Sauti ilikuwa ndogo, nene, ya kuridhika. Kisu kikafika mwisho, kikatoka hewani, hakuna kilichogongwa. Akarudia, na akarudia tena, hadi meno yakakaa.

Jikoni redio ikazimwa. "Hiyo sasa!" Lavonne alipiga kelele nyuma ya ukuta. "Hiyo ndiyo yako!"

"Ni ya Wendell!" Orville akajibu kwa sauti, kabla hajajizuia.

Wazee wawili wakashtuka pamoja. Wendell akainama kuokota kitu ambacho hakikuwa chini.

Walimalizia kwa pamoja tundu la kukalia risasi, wakipokezana vipimo. Walifunga bunduki kwenye tairi, wakavuta kamba wakiwa wamejificha nyuma ya trekta kwa risasi ya kwanza, kisha ya pili wakiwa wamesimama, na Lavonne akapiga ya tatu mwenyewe, kwenye kopo.

Kile kipande kilichokatwa kilifanya mtutu uwe mfupi kuliko walivyopanga. Musi hukaa kwenye vichaka vya mierebi, ambako mtutu mrefu hunasa kama ufagio mlangoni, na Lavonne ni mwanamke mfupi. Alimkuta dume lake asubuhi ya baridi, karibu na maji, akapiga mara moja. Orville alikuwa nyuma yake. Anasema mkewe alikaa kwenye barafu kando ya mnyama, akavua glovu, akaweka mkono juu ya mtutu uliokuwa bado na joto, akataja majina ya akina mama wa blanketi mmoja mmoja. Orville anaapa haikuwa sala, alikuwa anapanga nani atapata paja. Mimi naamini ni vyote viwili.

Nyama ilizunguka mji mzima. Akina mama wa blanketi wakala, wazee wa mgahawani wakala, mchungaji akala na kidonda chake. Bakuli la Wendell lilirudi limejaa hadi kifuniko hakifungi.

Kwa Orville hilo halikutosha. Asubuhi moja, kwa Dot, wazee wakirusha dadu kujua nani alipe kahawa, alisimama. Akavua kofia.

"Wendell," alisema, "asante."

Dadu zikaanguka chini. Dot alisimama na birika mkononi akimimina kahawa juu ya meza. Mzee mmoja alitazama dirishani kama anayetafuta gari la wagonjwa. Wendell alikuwa mwekundu mpaka masikioni, akazungusha kikombe chake, akakizungusha tena.

"Upepo umepungua," alisema hatimaye.

"Umepungua," alisema Orville, akakaa.

"Ile chaja bado iko kwako?"

"Bado. Betri yangu imekufa kweli."