Mzee Aliyeikataa Barakoa

Mwaka wangu wa kwanza kama mwanasaikolojia wa wagonjwa wa saratani, niliitwa chumba cha mionzi kwa sababu ya mzee mmoja wa mtaa wa Waithaka. Alikuwa na uvimbe kooni. Wagonjwa kama yeye huvalishwa barakoa ngumu ya plastiki yenye matundu, kisha barakoa hiyo hufungwa kitandani ili kichwa kisisogee. Ilipofungwa tu, mzee alirusha mateke mpaka wakamfungua.

Nilimkuta nje, ameshavaa koti. Mkewe alikuwa ameling'ang'ania asiondoke.

"Mimi si mwendawazimu," mzee aliniambia kabla sijaketi. "Rudi kwa wenye wanakuhitaji."

"Sijasema wewe ni mwendawazimu, mzee. Nauliza tu, uliogopa nini?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Alizikwa na kisima."

Hapo mzee akanisimulia mwenyewe, kwa sauti iliyokwaruza. Ujanani alikuwa mchimba visima. Siku moja udongo ulimporomokea, ukamfunika hadi shingoni, asiweze kuinua hata kidole mpaka majirani walipomfukua. Tangu hapo hajavaa hata sweta ya kubana shingo.

Tulianza polepole. Kwanza aliishika barakoa mapajani tu. Kisha akaiweka usoni akiwa ameketi, nami nikimfundisha kupumua taratibu. Alipoweza kulala nayo, kilichobaki kumtesa ni ukimya, pale sote tunapotoka kuikwepa mionzi na mlango kufungwa.

"Kule chini pia kulikuwa kimya hivyo," alisema.

Chumba kile kina spika na kamera, nasi hukaa chumba cha pili tukimtazama mgonjwa kwenye skrini. Nikamwomba mkewe amwongeleshe kutoka upande wetu. Mama aliisogelea maikrofoni kwa woga kama mtu aliyeitwa redioni, kisha akaanza. Sukuma wiki ya shambani imeshika vizuri. Mpangaji wa nyumba ya mwisho ameleta mbwa. Kina mama wa kanisa wamegombania rangi ya sare. Kwenye skrini niliona ngumi za mzee zikilegea, kidole kimoja kimoja.

Alipofunguliwa, mama alikuwa akicheka huku akipangusa macho. "Tangu anioe, leo ndiyo mara ya kwanza nimemaliza stori bila kukatizwa!"

"Na umeisema vibaya," mzee akajibu. "Huyo mbwa si wa mpangaji."

Alimaliza matibabu yote. Sauti haikurudi kama zamani, lakini uvimbe uliisha. Mara ya mwisho walipokuja kupimwa walipita ofisini kwangu kunisalimia, wakakataa hata chai. Mzee alikuwa na haraka ya kwenda kula nyama choma. Koo lilikuwa limeanza kumeza vyakula vigumu tena.