Mrija Ulioishia Kwenye Kona

Kaka yangu alipoanza kutoka damu kwenye haja kubwa alidhani ni bawasiri, akaitibu kwa mitishamba ya shambani kwake Kidichi. Hakuniambia. Nilijua siku aliponyanyuka kitini dukani kwangu Mlandege, ninapotengeneza cherehani, akashika meza asianguke. Viganja vyake vilikuwa vimepauka.

Nikampeleka hospitali mjini. Daktari, mgeni aliyesema Kiswahili cha kuungaunga, alimpima kwa mrija wa chuma ulionyooka, wenye taa ndogo na kipira cha kupulizia hewa. Alipomaliza alisema, "Nilipofika, safi." Kisha akatueleza kwamba mrija ule hauvuki kona ya kwanza ya utumbo mpana, na sehemu kubwa ya utumbo iko mbele ya kona hiyo. Vijinyama vinavyoota huko ndani na kuvuja damu hauvioni. Alitaka kaka arudi Jumatatu kupigwa picha ya utumbo wote. Kaka alikuwa anafunga mkanda. Alilichukua neno moja tu, safi, akaenda nalo Kidichi.

Nimejisomesha mwenyewe, kwa vitabu vya waliohama baada ya mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne, vilivyouzwa kwa ratili sokoni Darajani. Daktari aliponiona nachunguza mrija wake aliniazima gazeti la kitabibu lenye michoro ya vyombo vipya vya ng'ambo. Viwili vilinishughulisha. Vyote vina mwili laini wenye nyuzi za kioo zinazoleta picha hata zikipindwa. Cha kwanza ni kinene, ncha yake hupinda juu na chini tu. Husukumika vizuri, lakini ili kutazama pembeni lazima ukizungushe chote. Cha pili ni chembamba, ncha hupinda pande nne, kwa hiyo huchungulia nyuma ya mikunjo ambako kijinyama hujificha. Ubaya wake, hujikunja tumboni badala ya kwenda mbele. Nilivilinganisha kwa siku kadhaa. Nikapendelea cha pili, kana kwamba kuna mtu aliyeniuliza.

Ijumaa nilikwenda Kidichi kumkumbusha picha. Nikakuta majamvi yametandikwa na watu wanaondoka wakijifuta mikono. Kaka alikuwa amesoma maulidi ya shukrani kwa kupona. Mchele ulikuwa wa mgao siku zile. Sijui aliukusanya vipi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umechelewa, wali umekwisha."

Nilichukua kipande cha mpira wa maji nikakipinda kama utumbo, nikakata bua la jani la mpapai nikalitia ndani. Lilikwama kwenye kona ya mwanzo.

"Hili bua ndilo mrija wa daktari," nikamwambia.

"Na huo mpira ndio mimi?" Akacheka. "Nshakuwa wa kumwagilia mchicha."

"Kaka, hajaona hata robo. Twende Jumatatu."

"Nshasoma maulidi, mdogo wangu. Watu washaitikia amin. Nikionekana nnakwenda tena hospitali, Mungu nimwambie nini? Kwamba zile shukrani nilifanya haraka?"

"Mwambie bado unaumwa. Anajua."

"Kula ukoko. Umebaki sufuriani."

Nilirudi tena na tena, nikamsimulia hata kile chombo cha pande nne. Mara ya mwisho mkewe alinipokea mlangoni. "Shemeji, mwache. Kila ukija hulala kageukia ukuta."

Tumbo lilipovimba na choo kufunga, tulimbeba. Walimpasua, wakamfunga. Kilichokuwamo kilikuwa mbele ya kona, na kilikuwa kimeshafika kwenye ini. Daktari alinieleza kwa sauti ya chini. Hakunikumbusha habari ya picha.

Tulimrudisha nyumbani. Siku moja alfajiri imepita, nikimnywesha maji kwa kijiko, akaniuliza, "Ile mashine yako ya pande nne, ishafika?"

"Bado."

"Ikifika waanze na wewe. Tumbo letu moja."

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na mipapai. Majamvi yaliyotandikwa kwa hitima yalikuwa yale yale ya maulidi.

Mwaka uliofuata nilikwenda hospitali kuuliza kama chombo cha pande nne kimefika. Muuguzi alinifungulia kabati. Ulikuwamo mrija ule ule wa chuma, umenyooka, umeviringishwa kwenye kitambaa cha kijani.