Marahaba Iliyochelewa

Mjukuu wangu ana akili kuliko ukoo mzima, na nasema hivyo mbele ya ukoo mzima. Sataranji alijifunzia kwenye mfuko wa unga alioupiga mistari kwa mkaa, jikoni kwangu Ilemela. Mimi nikazijua kete zake kwa kumtazama huku nakaanga sangara.

Mechi ya mwisho, ukumbini Nyamagana, alipangwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Mmoja wao alikuwa aende Dodoma kuchezea mkoa. Mzee alikuwa mbele kwa pointi, hivyo hata sare ingemtosha. Mtoto alitakiwa ashinde, basi.

Kwetu Wasukuma binti humwamkia mkubwa kwa kupiga magoti, na hainuki mpaka aitikiwe. Akapiga magoti.

"Shikamoo, babu."

Mzee akavua miwani, akaanza kuifuta. Mwamuzi akabonyeza saa. Mtoto ndiye mwenye kete nyeupe, kwa hiyo muda uliokuwa unaliwa ni wake. Mzee anafuta miwani tu. Watu wakaanza kucheka.

"Inuka wewe!" nikapiga kelele. "Huyo hana mdomo!"

Akainuka, macho makavu. Akamsogeza askari wa mbele ya malkia nyumba mbili, kama mtu anayefunga mlango kwa komeo.

Alimchuna mzee yule! Farasi wakaenda, ngome zikaenda, malkia akaenda. Shingo ya mzee ikalowa jasho. Mimi nacheka kwa sauti, wala sioni haya.

"Nimalize basi, binti," mzee akanong'ona.

"Tulia, babu. Bado una askari mmoja."

Angeweza kumuua mfalme palepale. Hata mimi wa darasa la nne niliona. Hakutaka. Akamla askari yule wa mwisho, akamfikisha askari wake mwisho wa ubao akageuka malkia wa pili, akamswaga mfalme wa mzee mpaka pembeni, taratibu, kama paka anayecheza na panya. Akasogeza malkia mara moja tena, akaegemea kiti.

Mzee akatazama ubao. Akatazama tena. Mfalme wake hakuwa ametishwa na kete yoyote, lakini hakuwa na nyumba hata moja ya kukanyaga, wala kete nyingine ya kusogeza. Kwenye sataranji, hiyo ni sare.

Mwamuzi akaitangaza. Mjukuu wangu akabaki na malkia wake wawili, mdomo wazi.

Mwenda Dodoma akavaa kofia yake, akamwinamia.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema.