Besi Siku ya Posa

Watu wakisikia napiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki, huniuliza, "Ndilo lipi hilo?" Miaka kumi na mmoja nimejibu swali hilo, na kila mara damu hunichemka. Besi ndilo linalobeba wimbo jamani! Fundi wa mitambo ya sauti akilipunguza, nagombana naye mbele za watu bila haya.

Basi nikampenda binti wa mfanyabiashara wa ngamia, mzee wa mji mdogo wa Hadado aliyehamia Garissa mjini. Nilimpenda hadi chakula kikanishinda. Wazee wangu wa mtaa wa Waberi wakaenda kuniposea, nami nikaitwa nijieleze. Nikakaa mkekani na chai yangu ya maziwa ya ngamia, kanzu imepigwa pasi, jasho chapachapa.

"Kazi yako nini?" baba wa binti akauliza.

"Mwanamuziki, adeer," nikajibu, nikimwita ami kwa heshima.

"Astaghfirullah! Nyumba hii haitaki mtu wa makelele. Hebu tukusikie kwanza."

Nikatoa simu, nikaweka wimbo wetu mzuri kuliko zote. Ole wangu! Spika ya simu haitoi besi hata chembe. Mwimbaji analia, ngoma zinatwangwa, gitaa la solo linapiga mayowe. Wazee wakaziba masikio.

"Huyo anayelia ni wewe?"

"Hapana."

"Anayetwanga?"

"Hapana, adeer."

"Sasa wewe uko wapi?"

"Nipo, wallahi. Ila sisikiki."

Nilitamani mkeka unifunike. Kisha nyuma ya pazia, walikokaa akina mama, mama wa binti akaangua kicheko.

"Wenzake wote wanapiga kelele, yeye peke yake ametulia? Mpeni! Binti yangu anaongea maneno ya watu watatu."

Mzee naye akacheka mpaka chai ikamwagika. Nikashusha pumzi. Wazee wakainua mikono tayari kwa dua.

Hapo mjomba wangu, mtu wa kupenda haki kupita kiasi, akasema ngojeni kidogo. Si vizuri kijana wetu akubaliwe bila kusikika. Duka la jirani lina spika kubwa, ya kutikisa mabati, iletwe dakika moja tu.

Maisha yangu yote nimegombania spika kubwa. "Abti," nikamwambia mjomba, nimeifunika simu kwa viganja vyote viwili, "nakuomba, wacha hivyo hivyo."