Mhina Alipona Kifafa, Kupona Kukamponza

Mhina wa Kwedizinga alipasuliwa kichwa na Mdachi, akashonwa, akapona.

Matatizo yake mengine yakaanzia hapo.

Miaka ile treni ilikuwa imeshafika Mombo. Mhina alikuwa kati ya waliojenga reli. Siku moja gogo likamponda kichwa, akabaki na bonde juu ya sikio. Tangu hapo, kifafa. Shambani anaanguka, msikitini anaanguka. Mara ya mwisho aliangukia motoni, mkewe Zamda akamvuta miguu, bega limeshaungua.

Zamda akasema basi, imetosha.

Wakaenda Korogwe, kwa daktari wa Kidachi aliyekuwa akitafiti kifafa kwa kupasua mafuvu.

"Mfupa umekandamiza ubongo," daktari alisema. "Nikiuinua, huenda kikaisha."

"Umeshapasua wangapi, bwana daktari?" Zamda akauliza.

"Wawili. Mmoja yuko Hale, analima."

"Na wa pili?"

Daktari akafuta miwani. "Wa pili hayuko Hale."

Zamda akamtazama mumewe.

"Moto utaniua vilevile," Mhina akasema. "Apasue."

Akapigwa nusukaputi. Zamda alikaa nje akisikia msumeno ukikereza mfupa. Hakulia. Alijiuliza tu kama huyo atakayeamka atamjua.

Mhina alipofumbua macho, akamuuliza mkewe kama mbuzi wamekunywa maji.

Ni yeye.

Masika yakaja, yakapita, hajaanguka. Daktari alifurahi mpaka akawa anamwamkia Zamda shikamoo. Akaanza kuandaa taarifa ya kupeleka Ujerumani.

Habari zikafika pia kwenye shamba moja la mkonge, upande wa Mazinde. Mnyapara wa huko, Hiza, akaja na askari mwenye kiboko.

"Mgonjwa tulikuwa tunamruka," Hiza akasema. "Mzima anakata mkonge."

Waliochukuliwa kwenda huko, wengine walirudi wamebebwa. Mhina akaaga vizuri, akatoka uani, akaanguka. Povu, miguu kurusha, kila kitu.

Hiza naye si wa kudanganywa kirahisi. Akawaswaga wote hadi Korogwe, kwa daktari.

Mhina akaanguka tena pale mlangoni.

Daktari akapiga magoti, akamfunua kope, akaligusa jicho kwa ncha ya leso. Jicho likapepesa.

Daktari akaikunja leso. Zamda aliuona uso wake, akajua wameumbuka.

"Upasuaji umeshindwa," daktari akamwambia Hiza. "Huyu hafai kazi."

Hiza alipoondoka, daktari akamwinamia Zamda.

"Mwambie siku nyingine asipepese. Wa kifafa hapepesi."

Taarifa haikwenda Ujerumani. Sokoni watu wakamcheka Mdachi anayepasua vichwa bure, na wenye kifafa wakaacha kwenda kwake. Zamda alikuwa palepale akiuza mihogo, anawasikia. Alitamani kumtetea. Lakini kumtetea ni kumpeleka mumewe kwenye mkonge. Akaendelea kupanga mihogo.

Ndugu msomaji, ukimwona mtu ameshindwa kazi yake, usiwahi kumcheka. Pengine amekubali kushindwa ili mwenzake alale nyumbani kwake.