Swali Moja kwa Kila Koti

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, mpiga pasi alikuwa na utaratibu wake. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, na mgongo mwisho. Koti moja la muuguzi lilimchukua dakika nne akiwa na haraka, sita akiwa ametulia. Kwa miaka kumi na miwili dakika hizo zilipita bure, zikifuata mvuke dirishani. Mwaka alipotimiza thelathini na minne, akazipa kazi.

Chuo cha uuguzi kilikuwa ng'ambo ya barabara, na hakikupokea mtu aliyevuka miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa ameacha shule baada ya kufeli biolojia. Akaolewa, akafiwa na mumewe, akabaki na binti mmoja na pasi ya kazini. Ili chuo kimpokee, alitakiwa kufaulu somo hilo kwa alama nzuri, mwaka huo huo. Mwaka wa kurudia haukuwepo.

"Nitasoma saa ngapi mimi?" alimuuliza binti yake, aliyekuwa kidato cha pili na mwenye ulimi wa mtu mzima.

"Mwalimu wetu anasema ukikosa saa nzima, tafuta dakika tano mara kumi na mbili."

"Huyo mwalimu wenu anapiga pasi?"

"Hapigi, mama. Wewe ndiye unayepiga."

Neno hilo alikwenda nalo kazini. Tangu siku hiyo, kila asubuhi pasi ilipokuwa ikipata moto, alikata karatasi vipande vidogo, akaandika kwenye kila kipande swali moja la mitihani iliyopita, akavitia katika mifuko ya makoti yaliyosubiri. Akilichukua koti, alitoa kikaratasi, akasoma swali, akaanza kola. Sharti lake lilikuwa moja: kitabu hakifunguliwi mpaka koti lining'inie. Akipata jibu, aliliandika nyuma ya kikaratasi na kukitia mfuko wa kushoto wa aproni. Akikosa, kilikwenda mfuko wa kulia, aliouita mfuko wa kesho, na kesho yake kilirudi kwenye koti jingine.

Wiki za mwanzo mfuko wa kesho ulituna kama shavu lenye peremende. Swali moja la homoni lilikaa humo siku kumi na moja. Hakulionea haya. Alilitoa na kulirudisha kila siku kwa utulivu ule ule, kama mama anayemrudisha mtoto kuosha miguu, mpaka likakubali.

Aliyefanya naye kazi alikuwa mfuaji mmoja wa makamo, mwanamke mwenye mikono minene na maneno mengi, ambaye hospitali nzima ilimwita Bibi Povu.

"Ini lina kazi gani?" mpiga pasi alinong'ona siku moja, akinyoosha bega la koti.

"La ng'ombe?" aliuliza Bibi Povu. "Kazi yake kuliwa."

"La mtu, bibi."

"La mtu sijui. Yule mume wangu wa kwanza hakuwa nalo."

Akampachika jina la Profesa, na jina likashika. Wapeleka mashuka walipopita mlangoni walisalimia, "Shikamoo, Profesa," wakicheka. Naye aliitikia "marahaba" kwa uso mkavu, akaendelea na mkono wa kulia wa koti.

Kisha siku moja mashine ilivuja, wote wawili wakakimbilia matambara. Aliporudi mezani, mpiga pasi alikuwa na kikaratasi kilichokwisha kujibiwa mkononi, na kwa haraka akakirudisha kwenye koti badala ya aproni. Koti likaenda wodini.

Kesho yake mchana aliingia muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mwanamke mrefu aliyetembea bila kusikika. Bibi Povu alipomwona akazima redio.

"Nani ameniandikia barua ya mapenzi," aliuliza muuguzi, akikipunga kikaratasi, "yenye mambo ya ateri?"

Mpiga pasi aliiweka pasi chini. "Ni mimi, sista. Nisamehe. Najiandaa kwa mtihani."

Muuguzi akasoma kwa sauti. "'Ateri ni mshipa unaobeba damu yenye oksijeni.' Jibu hili lina kasoro."

"Kasoro gani, sista?"

"Ipo ateri inayokwenda kinyume na dada zake. Sikutajii. Ukiipata, njoo wodini uniambie."

Ilimchukua siku mbili na makoti thelathini. Aliipata kwenye mchoro mdogo chini ya ukurasa, ule uliokuwa ukimpita kila mara kwa sababu alikuwa akisoma maneno tu: ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni, imebeba damu ambayo bado haijapata oksijeni. Akaelewa kwamba kinachoifanya ateri iwe ateri ni njia yake, kutoka moyoni. Akapanda ngazi kwenda wodini kusema. Muuguzi alimsikiliza akiwa anapima dawa, hakumsifu, ila tangu hapo kila Alhamisi koti lake lilishuka na swali mfukoni, kwa mwandiko wake.

Siku hiyo hiyo ya ateri muuguzi alimwambia jambo jingine. Alikuwa anajaza fomu, na mpiga pasi akauliza ni ya nini.

"Jana nilimpa mtoto dawa nusu saa baada ya wakati wake. Naripoti."

"Kwani nani aliona?"

"Hakuna. Hapa kukosea kupo. Unasema, unasahihisha, mgonjwa anapona. Anayenyamaza ndiye wa kuogopwa."

Asubuhi ya mtihani mpiga pasi alivaa gauni la bluu, lililonyooka kama ukurasa mpya. Kutoka nyumbani alichukua vikaratasi sita vya mwisho, akavipitia akiwa njiani, na langoni akamkabidhi binti yake. Hakuwa na hofu. Alijua anayoyajua, na alijua idadi ya asiyoyajua.

"Vyote?" binti aliuliza.

"Vyote. Nenda shule, utachelewa."

Chumbani walikuwa watahiniwa arobaini, wengi wao wangeweza kuwa wanawe. Karatasi zilipogawiwa alisoma maswali yote kwanza. Katika sehemu ya mwisho alitakiwa kuchagua insha mbili kati ya nne. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa figo, na moyo wake ukatabasamu, maana figo alizijua kama chumba chake cha kulala. Akatia mkono mfukoni kutafuta leso. Kikatoka kikaratasi cha saba.

Kilikuwa kimejikunja ndani ya leso. Juu kiliandikwa, kwa mwandiko wake mwenyewe: Eleza jinsi figo zinavyochuja damu. Nyuma kulikuwa na jibu.

Msichana wa meza ya jirani alikiona. "Meza, shangazi," alinong'ona bila kugeuza shingo. "Kimeze tu."

Kilikuwa kidogo kiasi hicho. Kingepita kooni kwa mate ya mara moja. Alikaa nacho kiganjani, na miezi yote minane ya kusoma ikakaa nacho hapo. Kisha akanyoosha mkono juu.

Msimamizi wa mtihani, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja akitembea polepole. Akakiangalia kile kikaratasi, akamwangalia yeye.

"Unajua hiki ni nini?"

"Najua. Nilikisahau ndani ya leso. Sijakitumia."

"Nikiandika ripoti, baraza la mitihani linaweza kukufutia somo."

"Hilo pia nalijua. Andika."

Yule msichana akavuta pumzi kama mtu aliyeona sahani ikivunjika. Msimamizi aliandika ripoti palepale, mpiga pasi akaitia sahihi, kikaratasi kikaingia kwenye bahasha.

"Endelea kuandika mtihani wako," alisema msimamizi. Sauti yake ilikuwa imepungua ukali.

Akarudi kwenye orodha ya insha na kuliruka swali la figo. Hakuna aliyemwambia aliruke. Hakutaka tu mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, aje kujiuliza jibu lile lilitoka wapi. Insha ya moyo aliiandika bila shida. Ya pili aliyoichagua iliuliza ni mambo gani yanayofanya majani ya mmea yapoteze maji haraka au polepole. Hakuwa amelisoma jambo hilo sana. Lakini kalamu ilipogusa karatasi aliiona kamba ya mashuka nyuma ya hospitali: jua kali, yanakauka kabla ya chai, upepo, upesi zaidi, siku ya unyevunyevu, yanabaki mazito hadi jioni, shuka lililokunjwa halikauki kama lililotandazwa. Joto, upepo, unyevu wa hewa, upana wa jani. Akaeleza moja baada ya jingine, na sababu zake, mpaka msimamizi alipotangaza muda umekwisha.

Matokeo yalipotoka, mbele ya namba yake paliandikwa: yamezuiwa.

Binti alilia. Yeye alikwenda kazini. Wiki tatu zilipita hivyo, na vikaratasi havikukoma makotini, kwa kuwa alisema figo hazikuacha kuchuja kwa ajili ya baraza. Muuguzi mkuu alishuka mara moja, akasimama karibu na meza bila kuuliza lolote, akaondoka na koti lake. Bibi Povu ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Ungekitafuna tu, mwanangu. Karatasi si sumu."

"Ningekitafuna, bibi, ningeingia chuoni nikiwa mtu wa kutafuna."

Barua ilikuja Jumanne, bahasha nyembamba ya kaki, imeletwa na binti akiwa bado na sare ya shule. Bibi Povu akazima mashine zote mbili, jambo ambalo hakulifanya hata siku bomba lilipopasuka. Mama alikuwa na koti mezani, ameufikia mgongo.

"Soma wewe," alimwambia binti yake.

Binti akasoma. Baraza lilikuwa limepokea maelezo ya msimamizi na kupitia karatasi ya mtahiniwa. Lilimwonya kuhusu kuingia na maandishi chumbani. Halikuona udanganyifu. Biolojia: B.

"B inatosha?" aliuliza Bibi Povu.

"Walitaka C," alisema binti, akishindwa kuifunga midomo.

Bibi Povu alikaa juu ya kikapu cha mashuka machafu, akajipangusa uso kwa shuka la wodi namba tatu. "Basi sikiliza, Profesa. Siku nikilazwa kwako, sindano unipige mkono wa kushoto. Wa kulia una kazi."

"Nitakupiga pale sista atakaponielekeza, bibi."

"Ameanza kiburi huyu."

Mpiga pasi akacheka, akamalizia mgongo wa koti, akalitundika. Yalibaki tisa, na wodi zilikuwa zinayangoja.