Rangi ya Mama Yangu

Mpiga picha wetu hapa Busia haongei sana. Hupinda shingo, hufinya jicho moja, hunong'ona kama anayesali. Skrini ya zamani ya kompyuta yake iligeuza watu wakawa wekundu, na picha ya mama yangu, ile ya kubebwa mbele ya jeneza, ilikuwa bado haijachapishwa. Nikamsindikiza dukani kutafuta skrini nyingine.

"Boss, chukua hii, inang'aa!" muuzaji akasema.

"Inang'aa mpaka marehemu anakuwa mzungu," mpiga picha akajibu, akaifungua picha ya mama kwenye skrini iliyofuata. Akanigeukia. "Mama yako alikuwa hivi?"

Nikauona weusi wa mama, ule wa jua la shamba letu Bukhayo. "Ndiye. Mungu asifiwe."

Mpiga picha akashusha mabega, akampangusa mama vumbi usoni pale kwenye skrini kwa kidole, polepole.